Ndizi za Sabato

Kisii mjini
Jumanne, 6 Agosti 2024

Mama Emily,

Usishtuke kuona mwandiko huu. Ni mimi, Luul, Mama Ayan, yule wa kibanda cha nguo za mtumba pale Daraja Mbili, jirani yako wa miaka sita. Sina namba yako ya simu, na hata ningekuwa nayo nisingethubutu kupiga. Hafiz wa duka la unga ameniambia bado unapita kwake kila Jumatatu na Alhamisi, basi namwachia yeye barua hii.

Tulifika Jumamosi kwa harusi ya mpwa wa mume wangu. Wenye harusi wametupangia hoteli. Fikiria, mimi kulala hotelini Kisii! Mji niliopanga chumba nyuma ya msikiti miaka tisa, nikamzaa Ayan humo, leo napewa ufunguo wenye namba na sabuni ndogo ya kunawia. Mhudumu aliniuliza kama nimewahi kufika huku. Nikamwambia ni mara yangu ya kwanza. Sikuwa na sababu ya kumdanganya, ila nilishamdanganya.

Jana Ayan akanishika, mama nionyeshe ulikokuwa ukiuza. Ana miaka kumi na saba sasa, hakumbuki lolote. Tukaenda. Kijana mmoja wa mtumba akaniita, "Karibu mgeni, shika hii koti, ni ya baridi ya huku kwetu," akanitajia bei ya mtalii. Nikasimama pale napunguziwa bei kama mtu ambaye hajawahi kupiga kelele sokoni. Halafu nikasikia kicheko chako. Nilikijua kabla sijakuona. Ulikuwa upande ule ule, turubai chini, ndizi mbele yako, miwani imening'inia kwa kamba shingoni. Umenenepa kidogo na umependeza.

Nyakerario, sikukusalimia. Niliingia katikati ya makoti nikasimama humo mpaka ulipogeuka kumhudumia mteja, kisha nikamvuta Ayan tukaondoka. Akaniuliza, "Mama, tunamkimbia nani?" Nikamwambia nakimbia jua. Ilikuwa inanyunya.

Nilikukimbia kwa sababu ya ndizi. Unakumbuka tulivyokuwa tukisaidiana. Ijumaa mchana nikienda kuswali, wewe ulinilindia nguo. Ijumaa hiyo hiyo alasiri ulifunga mapema uwahi Ikonge kabla jua halijatua, Sabato isikukute njiani, ukaniachia mimi ndizi zilizobaki. Zilindwe tu mpaka Jumapili. Lakini ndizi iliyoiva haijui Sabato. Kila Jumapili ulikuta nusu yake imekuwa nyeusi ukaitupa, nami nikakuonea huruma. Basi Jumamosi nikaanza kukuuzia. Jumapili nilikukabidhi pesa na kukwambia mteja alikuja Ijumaa, wewe umeondoka tu, jua bado liko juu. Ulimshukuru Mungu wako mbele yangu nami nikaitikia.

Yule mwanamke wa kanisa lenu aliyekuja mjini Jumamosi kumwona mgonjwa, akaenda kusema ndizi zako zinauzwa siku ya Sabato, hakukosea. Alinisikia nikiita, "Ndizi za Nyakerario, tamu kama asali!" kwa sababu jina lako ndilo lililouza. Na wale wazee wawili wa kanisa walipokuja kuniuliza, nilinyamaza. Nilipaswa kusema na sikusema. Mwezi uliofuata tukahamia Nakuru.

Nimeona nikwambie. Naona aibu mpaka kuandika.

Luul


Ikonge
Jumatano, 14 Agosti 2024

Mama Ayan,

Hafiz alinipa barua yako Alhamisi, nikaiweka kwenye begi nikidhani ni ya mtu wa sacco. Nimeifungua nyumbani nikiwa nimekaa jikoni, na mboga ikaungua. Mama mkwe akaniita kutoka nje, "Nyakerario, unapika au unafukiza nyuki?"

Kwanza nilicheka. Wewe, mwanamke mrefu hivyo, kujificha kwenye makoti! Halafu nikalia. Halafu nikaisoma tena na hasira ikaja, na hasira ndiyo iliyobaki, kwa hiyo nisamehe kama kalamu inakwaruza.

Mimi nilikuwa shemasi, Luul. Mimi ndiye niliyekuwa nikioka mkate wa Meza ya Bwana. Baraza liliponiita nilisema sijauza kitu siku ya Sabato tangu nibatizwe, na nikasema muulizeni jirani yangu sokoni, yeye ni Mwislamu, hana sababu ya kunitetea, atawaambia ukweli. Mimi ndiye niliyewatuma kwako. Unalijua hilo? Niliwapa jina lako na nikawaonyesha kibanda.

Walirudi wakalifuta jina langu kwenye daftari la washiriki. Mwaka mzima nilikaa benchi la nyuma kabisa, pale karibu na mlango wanapokaa wenye watoto wachanga na wenye kikohozi. Siku ya Meza ya Bwana, wanawake walipokwenda wawili wawili kuoshana miguu, mama mkwe wangu Persis alikosa mwenzake, kwa sababu mwenzake siku zote nilikuwa mimi. Alikaa na beseni lake mpaka mtu akamwonea huruma. Sijui kama Waislamu mna kitu cha kulinganisha na hiki. Nakwambia tu ilivyokuwa.

Miaka kumi na mitatu nimewaza ni nani. Nilidhani ni vijana wa mizigo waliofunua turubai. Nilimnunia mama mmoja wa nyanya asiye na hatia mpaka akahama upande. Wewe sikuwahi kukuwazia. Ulipohama bila kuniaga nilisema, maskini, mambo ya mume.

Sasa nijibu jambo moja. Unasema ulinyamaza. Mzee Machogu, ambaye alikuwa mmoja wa wale wawili, aliliambia baraza mbele yangu, "Hata jirani yako amesema wewe ndiye uliyemtuma auze." Nilimwambia usoni kwamba ni mwongo. Mzee wa kanisa! Nikasema Luul hawezi kusema hivyo. Tangu siku hiyo nampa mkono kila Sabato na moyoni namwita mwongo.

Je, ni mwongo? Niandikie jibu kwa karatasi. Simu yangu inashikwa na kila mtu hapa nyumbani.

Nyakerario


Nakuru
Alhamisi, 22 Agosti 2024

Nyakerario dada yangu,

Mzee Machogu si mwongo.

Nimekaa na barua yako siku tatu nikitafuta namna ya kuliandika hilo bila kuliandika. Nilisema ulinituma. Nilisema, "Mimi sina shida na Jumamosi, aliniambia nimuuzie." Yule mzee mwingine akauliza, "Alikuambia kwa kinywa chake?" Nikasema ndiyo.

Sikupanga. Walikuja wawili wamevaa suti, wamesimama mbele ya kibanda, na watu wa Daraja Mbili unawajua, wakiona suti wanasogea. Mmoja akauliza kwa sauti, "Uliuza mali ya mwenzako bila yeye kujua?" Wiki ile ile walikuwa wamempiga mtu pale chini kwa sababu ya jozi moja ya viatu, wewe mwenyewe ulimfunika na gunia. Nikaona nikisema ndiyo, niliuza bila yeye kujua, neno litakalofuata ni mwizi. Na mimi si wa huku. Nilizaliwa mbali, lugha yenu naijua ya kuitia wateja tu. Nani angesimama aseme huyu namjua, si mwizi? Mtu pekee ambaye angesimama ni wewe, na wewe ndiye niliyekuwa nakuuza.

Nilidhani utagombezwa kidogo yaishe. Sikujua kuna daftari. Sikujua kuna kufutwa. Nilipokuona wiki ile umevimba macho, ukaniambia una mafua, nikakuamini kwa sababu ilinifaa kuamini.

Sasa sitaki kujificha tena. Nimekwishaandika barua nyingine. Nimemwandikia Mzee Machogu mwenyewe, kurasa mbili, nimesema yote, nimeweka jina langu na la baba yangu, na nimeomba isomwe mbele ya kanisa lenu zima. Nimeituma jana kwa gari la mizigo, Hafiz ataipeleka Ikonge kwa mkono wake. Nimefanya hivyo kabla ya kukuandikia wewe ili nisipate pa kurudi nyuma.

Jina lako litasafishwa, Nyakerario. Kwa mara ya kwanza tangu tuhame nimekula nikashiba.

Luul


Ikonge
Jumanne, 27 Agosti 2024

Luul,

Umefanya nini? Ungeniuliza kwanza! Umekula ukashiba, na mimi tangu nimeisoma barua yako sijaonja kitu.

Sikiliza. Hafiz ameshaleta hiyo barua. Amemkuta Mzee Machogu amesafiri kwa mwanawe, akamwachia mkewe. Mzee anarudi wiki ijayo. Nimejaribu kumwomba yule mama aniazime niisome, akaniambia bahasha ya mzee haifunguliwi. Kwa hiyo barua iko juu ya kabati lao, na mimi napita nje ya boma lao nikienda kupeleka majani chai, siku tatu kwa wiki, kama mwizi anayekagua nyumba.

Sikukueleza mambo yote. Nilikupigia kelele za mwenye haki, nikanyamazia langu.

Unadhani nilirudije kanisani? Unadhani walikuja kunigundua sina hatia? Nilikaa nyuma mwaka mzima nikisema sikufanya. Kila robo mwaka wananiita, umetubu? Nasema sina la kutubu. Mama mkwe akazidi kukonda. Siku moja tukiwa tunachuma chai, mistari miwili imetutenganisha, akasema bila kuniangalia, "Mwanangu, kubali tu yaishe. Mimi nimezeeka, nataka nioshwe miguu na mtu wangu." Nikamuuliza, nikubali uongo? Akaendelea kuchuma.

Sabato iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa nikasema, "Niliuza ndizi siku ya Bwana na nikasema uongo juu yake. Naomba msamaha." Watu walilia. Nikabatizwa upya, maji baridi, nikatoka humo naimbiwa. Nilitubu dhambi ambayo sikuifanya, Luul, na nikabatizwa juu yake.

Hilo tu lingetosha, lakini halikuishia hapo. Toba yangu ilipendwa. Sijui kama niliisema vizuri mno. Nikaanza kualikwa kwenye mikutano ya wanawake nitoe ushuhuda, mama aliyevunja Sabato kwa tamaa ya ndizi na Bwana akamrudisha. Kila mwaka nimeongeza chumvi. Nimefika na ushuhuda huo mpaka Magwagwa! Kule kuna mama anaitwa Nyamusi, ana kioski, Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake kubwa. Alinisikia akafunga Jumamosi kuanzia wiki ile, na mumewe akamfukuza miezi minne kwa hilo. Alivumilia. Ananipigia simu kuniombea. Ananiita mama yake wa kiroho.

Na mimi leo ndiye karani wa kanisa. Daftari lile lililofutwa jina langu liko kwangu, kwenye sanduku chini ya kitanda.

Barua yako ikisomwa, wewe utakuwa mtu aliyekosea zamani akasema ukweli. Mimi nitakuwa mtu aliyesimama madhabahuni akadanganya, akabatizwa kwa uongo, na akazunguka na huo uongo miaka kumi na miwili akiuita ushuhuda. Njia ya mwongo fupi, ndivyo nilivyowafundisha watoto wa Shule ya Sabato.

Mwambie Hafiz aende aiombe. Aseme kulikuwa na kosa. Fanya haraka.

Nyakerario


Nakuru
Ijumaa, 30 Agosti 2024

Nyakerario,

Nimempigia Hafiz. Ameenda mara mbili, mke wa mzee amemfukuza. Anasema barua ikishaingia nyumbani mwa mzee ni ya mzee.

Ikikufikia mikononi, ichome. Wewe ni karani, sema ni salamu tu kutoka Nakuru. Akiniuliza mtu nitaapa sijawahi kuandika kitu. Nimesoma mstari huo sasa hivi na nimeona ninachokuahidi: nakuahidi uongo mwingine, kwa sababu ndio msaada pekee niliowahi kukupa. Nilitaka kujitua mzigo nikautupa bila kuangalia nani yuko chini.

Ayan ameniuliza tena ni nani tuliyemkimbia. Leo nimemwambia kila kitu. Hajanisemesha tangu mchana.

Fanya utakavyoona. Sitakulaumu kwa lolote.

Luul


Ikonge
Jumapili, 15 Septemba 2024

Mama Ayan,

Ningekuandikia mapema lakini mambo yalikuwa yanaendelea.

Mzee Machogu alirudi Ijumaa. Macho yake yana ukungu siku hizi, hasomi. Sabato asubuhi, tarehe saba, alinikuta mlangoni akatoa bahasha yako mfukoni, haijafunguliwa. "Karani, hii imetoka Nakuru. Isome pamoja na matangazo." Ikawa hivyo tu. Ilinifikia mikononi bila kuiba wala kuomba.

Nilikuwa nimeshatengeneza maneno. Salamu kutoka kwa ndugu wa Nakuru, wanatutakia heri, tuwaombee. Nilisimama nikatangaza mazoezi ya kwaya. Nikatangaza wagonjwa. Nikatangaza mshiriki anayehamia kwetu. Nikafungua bahasha nikaona mwandiko wako, nikasema, "Kuna salamu kutoka Nakuru," na nikaanza kuikunja. Mama mkwe yuko mbele, kwa sababu ya masikio yake. Akaweka kiganja nyuma ya sikio akasema, kanisa zima likisikia, "Soma kwa sauti, mwanangu. Mimi napenda salamu."

Luul, amenisomesha Biblia yule mama. Macho yake yalikuwa yananingoja hivi, kama mtoto anayesubiri andazi. Nilishindwa. Nikaikunjua nikasoma kurasa mbili zote, na jina lako na la baba yako.

Nilipofika mwisho watu walikuwa wanasema "Amina" na wengine wameanza kusimama waje kunikumbatia. Mzee Machogu analia. Wakaanza wimbo. Ningeweza kunyamaza pale. Hakuna aliyekuwa anaulizia mengine. Walikuwa wananiona shujaa, wakiwaza kumbe alitubu kwa ajili ya amani, mwanamke gani huyu! Sikuweza kukaa ndani ya wimbo ule. Niliwaomba wanyamaze. Nikasema, "Kama sikuuza, basi nilipotubu niliwadanganya. Nimewadanganya mwaka hadi mwaka, na ushuhuda wangu wote ni uongo." Hakuna aliyesema Amina.

Mama mkwe akasimama kwa fimbo yake. Akasema, "Mimi ndiye niliyemwambia akubali. Aliniambia hakuuza, na nilimwamini tangu siku ya kwanza." Akakaa. Nikamtazama. Miaka yote hiyo nilidhani aliniona mwongo akanivumilia. Kumbe alijua nasema kweli, na bado akaniomba nidanganye. Sijajua nilipeleke wapi hilo. Bado tunapika pamoja.

Jumapili baraza likakaa. Miezi sita chini ya nidhamu, na ukarani nimevuliwa. Daftari nimelipeleka mwenyewe kwa Mzee Machogu, nikamwomba radhi pia kwa kuendelea kumwita mwongo moyoni miaka yote hii, jambo ambalo hakuwa analijua, akacheka. Mama mkwe alidai naye aadhibiwe. Wakasema ni mzee, wamemwachia. Alikasirika wiki nzima.

Jumatano nilienda Magwagwa. Nyamusi alinisikiliza amesimama nyuma ya kaunta yake, akifuta mizani ambayo ilikuwa safi. Akauliza, "Sasa nifungue Jumamosi?" Nikamwambia sikumdanganya juu ya Sabato, nilimdanganya juu yangu. Akasema ameelewa. Hakuniita mama. Hakunikaribisha chai, na wewe umeishi huku, unajua maana yake.

Usiniulize kama nimekusamehe. Barua yako ya kwanza sijamaliza kuikasirikia, ila ya kanisani niliisoma mara mbili na nikaona imeandikwa na mtu niliyemjua. Ukija tena, uje nyumbani, ulale kwetu. Uje na Ayan. Tutaanza na hasira kisha tuone.

Jana ilikuwa Sabato ya kwanza kwenye benchi la nyuma. Mwaka ule wa zamani nilikaa pale kwa kosa lako, na nilikuwa namtazama kila anayeingia usoni, kwa sababu nilijua sikufanya. Jana sikuweza kumtazama mtu. Nilitazama viatu vyangu. Ibada ilipoanza nikasikia fimbo inagonga sakafu, pole pole, kutoka mbele mpaka huku nyuma mlangoni, na mama mkwe akajishusha kando yangu, yeye ambaye huko nyuma hasikii hata neno moja la mahubiri.

Akaniuliza kwa sauti yake ile kubwa najisikiaje.

Nikamwambia, "Naona aibu, mama. Naona aibu sana."

Akasema, "Hata mimi," akafungua kitabu cha nyimbo akakiweka katikati yetu.

Nyakerario